Taa za Krismasi za nje zimekataa, tokeni nazo zakimbia: tuanzie wapi?

Kila mwaka ikifika wiki ya mwisho ya Novemba, meza yangu hapa Kisauni hujaa nyuzi za taa zilizojisokota kama jarife lililonasa mwambani. Zaja kwenye mifuko ya sokoni, kwenye maboksi ya viatu, nyingine zina mayai ya mjusi katikati. Wenyewe huja na mashtaka mawili: taa haziwaki, na mwaka jana zilipowaka zilimaliza tokeni, yaani stima ya kulipia kabla. Shtaka la kwanza huwa la kweli. La pili, mara nyingi taa zasingiziwa, na mwizi mwenyewe yuko ndani ya nyumba akipulizia watu upepo. Nitafika huko.

Uzi wa taa wa Mombasa haupumziki. Ukishuka ukutani baada ya mwaka mpya huazimwa harusini, ukirudi huenda Maulidini, halafu hurushwa juu ya kabati mpaka Desemba nyingine. Kwa hiyo ukiniambia "nimeutumia mara moja tu", nitakutazama usoni kwanza.

Kabla ya lolote: stima ya nyumbani ni volti 240. Usishike waya, balbu wala kile kidude cha kubadilisha mitindo wakati plagi imo ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, chomoa. Kuna nyumba ambazo fundi aliyezifunga aligeuza waya, swichi ikawa yakata upande usio na moto, yaani usioleta stima, nawe wajiona salama.

Haziwaki hata moja

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Kama simu haiingizi chaji, ziache taa, ugonjwa uko kwenye soketi au ekstensheni. Usicheke, nimeshalipwa nauli mpaka Mtwapa kwenda kuwasha swichi ya ekstensheni iliyokuwa nyuma ya sofa.

Kama soketi ni nzima, tazama plagi. Ya pini tatu ina fyuzi ndani. Fungua, toa fyuzi, weka nyingine ya ampea 3. Wengi huweka ya 13 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Fyuzi ya 3 kwa volti 240 hupitisha wati 700 hivi, na hakuna taa za Krismasi za nyumba ya kawaida zinazofika hapo. Ya 13 itasubiri mpaka ule waya mwembamba uyeyuke kwanza.

Plagi za pini mbili ndizo zinazonitia hofu. Najua mchezo wa kalamu: unachomeka kifuniko cha bairo kwenye tundu la juu, milango ya soketi inafunguka, unasukuma pini mbili. Zinashika nusu, zinacheza, zinatoa cheche, na hakuna fyuzi. Nunua adapta yenye fyuzi.

Kisha kile kidude chenye kibonyezo. Kina mitindo minane kwa kawaida, na mmojawapo hufifisha taa polepole mpaka kiza kabla ya kuziwasha tena. Bonyeza taratibu upitie yote, uache kwenye ule wa kuwaka bila kumeta. Ikiwa bado kimya, chomoa, ukifungue. Ukikuta unga wa kijani au mweupe ndani, maji ya chumvi yameingia, na kidude hicho hakirudi. Vingi havikutengenezwa kunyeshewa, hata kama boksi limechorwa nyumba yenye theluji. Mahali pake ni chini ya upenu, au ndani ya nyumba uzi ukitokea dirishani.

Kipande kinawaka, kipande kiza

Hapa tazama kwa utulivu kabla ya kuanza kuvutavuta, maana namna zilivyozimika ndiyo inayokwambia ugonjwa.

Kama zimezimika kwa kurukaruka, moja katika kila nne, au rangi nyekundu yote imekufa na nyingine zipo, huenda balbu hazina kosa. Kidude kile hugawa uzi kwa mikondo, na huenda mkondo mmoja umeungua ndani. Badilisha kidude, au kubali rangi tatu.

Kama kiza kimekaa pamoja, tuseme kutoka dirishani mpaka kona ya nyumba, basi ni balbu moja au kiungo kimoja. Taa hizi zimeshikana mikono: stima hupita ya kwanza ndipo ifike ya pili. Mmoja akiachia mkono, kundi lake lote linalala. Zile ndogo za zamani, za moto, zina kijiwaya chembamba ndani kinachotakiwa kuziba pengo balbu ikiungua. Hufanya kazi mara nyingi, si mara zote.

Anza na balbu ya kwanza iliyo kiza. Chomoa plagi, kagua moja moja: kioo kilichoingia weusi, miguu ya kijani, balbu inayocheza kwenye kikalio chake. Isukume ikae vizuri, chomeka, tazama. Ukishaipata mbovu, weka nyingine ya aina ile ile kutoka kwenye uzi uliokufa. Ndiyo maana sitaki kuona mtu anatupa uzi mbovu: hiyo ndiyo stoo yako ya vipuri.

Kosa ninalolikuta kila mwaka ni la kijana mjuaji aliyekata balbu tatu mbovu akaunganisha waya kwa waya. Zinawaka, anasifiwa. Lakini volti 240 zilizokuwa zagawiwa balbu ishirini sasa zagawiwa kumi na saba. Zitang'aa kuliko jana, zitapata moto, zitaungua moja baada ya nyingine, na kila ikiungua hali ya zilizobaki huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo ukiona taa zako zimekuwa nzuri ghafla bila sababu, usifurahi. Hesabu ngapi zimekufa.

Ugonjwa wetu wenyewe: chumvi

Ukikaa Nyali, Bamburi, Likoni au popote bahari inaposikika, mambo mengi niliyoyataja na nitakayoyataja yana mzizi mmoja. Desemba kaskazi huanza kuvuma, na upepo ule unatoka baharini na chumvi yake. Chumvi hukaa kwenye waya, usiku huvuta unyevu, asubuhi jua hukausha, usiku tena. Shaba hugeuka kijani. Kutu ile ya kijani haipitishi stima sawasawa, kiungo kinapata joto, joto linalegeza kiungo, na duru inaendelea. Mtu wa Voi huweza kutumia uzi mmoja miaka sita. Sisi tukipata mitatu tumshukuru Mungu.

Ukikuta kiungo kibovu usikipanguse tu. Kata waya nyuma mpaka uone shaba inayong'aa. Wakati mwingine kutu imetambaa ndani ya plastiki urefu wa kidole. Sokota, choma risasi (ule uzi laini wa chuma wa kuungia waya), kisha funika na ule mpira unaosinyaa kwa moto. Kama huna, tepu nyeusi ya fundi, ukiivuta inapozunguka, tabaka mbili. Selotepu si tepu. Karatasi ya maziwa si tepu. Vyote viwili nimevikuta.

Kabla ya kuchoma risasi, kwangua waya kwa kisu. Ukibaki mwekundu, ni shaba. Wekundu ukitoka ukaona weupe, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba, na risasi haitaishika vizuri. Waya huo usiufukuzie. Utaunga leo, kesho utakatika inchi mbili mbele.

Na kila kiungo cha nje, uache waya uning'inie kidogo chini yake kabla haujapanda kwenye plagi au soketi. Maji ya mvua hufuata waya. Yakikuta tumbo hilo yatadondoka hapo, hayatapanda kuingia ndani.

Breka inaanguka, hasa magharibi au baada ya mvua

Vuli huweza kuendelea mpaka Desemba, kwa hiyo simu za namna hii hunijia usiku wa mvua. Kama bodi yako ina breka yenye kibonyezo cha T, ile huhisi stima inayovuja kwenda ardhini. Za nyumbani nyingi hukata kwa miliampea 30. Ikianguka inakwambia stima imepata njia nyingine, na njia hiyo yaweza kuwa mtoto wako. Usimwite mtu aiondoe "kwa sababu inasumbua".

Chomoa vyote, inua breka, chomeka kimoja kimoja. Kitakachoiangusha ndicho. Kama ni taa na zilikuwa sawa mchana, ni unyevu: zishushe, zianike siku nzima, kisha tafuta kiungo kilichokunywa maji. Kuzianika peke yake ni kuahirisha.

Nyumba nyingi za zamani hazina breka ya aina hiyo, na huko ndiko kuna hatari. Miaka michache iliyopita niliitwa ploti moja huku huku Kisauni, watoto wanasema grili ya dirisha "inauma". Watu wazima walidhani ni michezo. Uzi wa taa ulikuwa umefungwa kwenye grili kwa waya wa kufungia nondo, ukakata plastiki kidogo kidogo kila upepo ulipovuma. Testa iliwaka kwenye grili, ikawaka kwenye kamba ya kuanikia nguo iliyokuwa ya chuma, mpaka kwa jirani. Ukisikia kitu cha chuma kinauma, hata kwa mbali, usitafute sababu. Zima meini, watoe watu hapo, ndipo uite fundi. Na taa zifunge kwa kamba ya plastiki au kitambaa. Kamwe usizifunge kwa waya, wala kuzipigilia misumari, wala kuzilaza juu ya mabati yenye makali.

Makuti nayo. Taa za moto za zamani usizitie kwenye makuti kabisa. Za LED hazipati moto kiasi hicho, lakini kiungo kibovu cha LED hutoa cheche sawa na kingine.

Mengine ya haraka

Zinafifia kuelekea mwisho: umeunga nyuzi nyingi mno kwa mfuatano, au waya ni ile alumini. Punguza, au leta stima kutoka pande mbili. Lakini kwanza tazama taa za ndani. Kama nazo zimelegea saa mbili usiku na zarudi usiku wa manane, stima ya mtaa ndiyo nyonge, huna la kutengeneza hapo.

Ukizima bado zinawaka kwa mbali kama macho ya paka: ni za LED, na swichi yakata waya usio wa moto, au waya mbili ndefu zimelala pamoja na kuachiana stima kidogo. Fundi ageuze waya kwenye swichi. Kiasi cha stima kinachopotea ni kidogo, ila hatari ya waya kubaki na moto ni ileile.

Plagi inachemka: inacheza kwenye soketi, au ekstensheni imebeba taa, friji na pasi kwa pamoja. Ekstensheni ya kukunja ikunjue yote, usiitumie ikiwa imejiviringisha.

Tokeni zinakimbia

"Fundi, hizi taa zako zimenimaliza," mama mmoja wa Bombolulu aliniambia Januari. "Tokeni za elfu zilikuwa zafika wiki mbili. Sasa siku nane, mita yalia."

"Pole, mama. Hebu nikuulize, usiku mwalala na pangaboi ngapi?"

"Tatu. Wajukuu walikuja kutoka Taita, na joto hili..."

Tukapiga hesabu pale pale mlangoni. Pangaboi moja ya darini ni wati 70 hivi. Saa kumi za usiku, mara tatu: uniti 2.1 kila usiku. Uzi wake wa taa 100 za LED ulikuwa wa wati 6. Hata ukikesha saa kumi na mbili, ni uniti 0.07. Taa zilikuwa zaonekana na kila apitaye njiani. Pangaboi hazionekani, basi lawama zikaenda kwa zinazoonekana.

Hesabu yenyewe si ngumu: wati mara saa, gawanya kwa 1000, unapata uniti. Wati zimeandikwa kwenye kikaratasi karibu na plagi. Bei ya uniti yako chukua risiti ya mwisho ya tokeni, gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei ya kweli, pamoja na kodi na tozo zote, kuliko yoyote utakayoambiwa.

Lakini si kila taa ni malaika. Uzi wa balbu 100 ndogo za zamani hula wati 40 hivi. Ukikesha kila usiku mwezi mzima ni uniti 14.4. Na zile za bomba la plastiki, za zamani zenye balbu za moto ndani, hula takriban wati 16 kwa kila mita. Mita kumi kuzunguka baraza ni wati 160, na zikikesha mwezi ni uniti 57.6. Hapo mama wa Bombolulu angekuwa na haki. Ukizigusa baada ya saa moja zikawa za moto, ni hizo. Za LED huwa na uvuguvugu tu.

Uzito wa uniti hizo hauishii Desemba. Kwa mpango wa bei ulioanza Aprili 2023, mteja wa nyumbani huwekwa kwenye kundi kulingana na wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa kati mpaka 100, na wanaozidi 100. Ukivuka mstari, kila uniti huwa ghali zaidi. Mtu anayetumia uniti 28 kwa mwezi, akiongeza 57 Desemba, wastani wake wa miezi mitatu unafika 47. Ametoka kwenye kundi la bei nafuu, naye atalipa bei ya kundi la kati Januari, na Januari ndiyo ya karo.

Kwa hiyo punguza saa. Jua letu Desemba huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Washa hapo, zima saa nne usiku: saa tatu na nusu. Ule uzi wa zamani wa wati 40 unashuka kutoka uniti 14.4 mpaka 4.2, na baada ya saa nne nani anapita kuutazama ila askari wa doria na paka? Taima ya kuchomeka ukutani hukufanyia kazi hiyo. Kama huna, mpe mtoto mmoja cheo cha mzimaji taa. Wangu alikichukulia kwa uzito mpaka akatuzimia friji.

Kama hujui ni nani anayekula, iulize mita. Ina kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake imeandikwa idadi ya mapepeso kwa uniti moja, tuseme 1000. Zima kila kitu, chomeka taa za Krismasi peke yake, hesabu mapepeso kwa dakika sita. Kwa mita ya 1000, zidisha kwa kumi: mapepeso manne ni wati 40. Kisha fanya hivyo kwa friji inapounguruma. Na ukizima kila kitu kitaa bado kinapepesa, hiyo ni habari nyingine: kuna waya unavuja, au kuna mtu kwenye ploti anakula kwako.

Yale ya kutazama kabla ya kuzilaumu taa: taa ya usalama ya halojeni uani, wati 150, ikikesha ni uniti 1.8 kwa usiku, badilisha hiyo kwanza. Mpira wa mlango wa friji: funga mlango juu ya karatasi, ikitoka bila kukaza, mpira umechoka. Kreti ya soda za wageni, ikiwa ya moto kutoka juani, isiingie yote kwenye friji. Na pangaboi haipozi chumba, yapoza mtu. Chumba kikiwa kitupu, izime. Joto la Desemba silijadili, lala nayo.

Za sola

Ni nzuri kwetu, jua tunalo. Zikikataa kuwaka, jambo la kwanza ni mahali: paneli ikiwa karibu na taa ya barabarani au ya uani hudhani bado ni mchana. Ifunike kwa mkono; zikiwaka, isogeze. Zikiwaka nusu saa zikalala, pangusa paneli kwa kitambaa chenye maji yasiyo ya chumvi, maana vumbi na chumvi hujenga ukungu usiouona. Bado? Betri imezeeka. Nyingi ni za volti 1.2 za kuchajiwa, ukubwa wa betri ya rimoti. Usitie betri ya kawaida ya rimoti humo, haichajiwi na itavuja.

Mwaka mpya ukipita, usiziache ukutani mpaka Pasaka. Zishushe, zipanguse kwa kitambaa kibichi chumvi itoke, zianike kivulini, kisha zizungushe kwenye kipande cha boksi badala ya kuzifumbata. Za sola zima swichi yake ndogo kwanza. Juu ya boksi andika kwa kalamu wati ngapi, na jina la jirani aliyekuazima ule uzi wa pili.